Kilango cha Upande wa Abiria

Kitu kilikuwa kinagonga nyuma ya dashibodi. Tak, tak, tak, kisha kimya, kisha tena tak, tak. Fundi Friji, aliyepewa jina hilo kwa kuwa hakugusa kitu kwenye gari zaidi ya kiyoyozi, alisikiliza akasema hilo ni jambo dogo. Mle ndani kuna kilango kinachochagua hewa ya moto au ya baridi, nacho huzungushwa na kijimota cha ukubwa wa kiberiti. Meno ya kijimota yakiisha, kinagonga, na upande mmoja wa gari unapuliza joto. Kazi ya kubadilisha vitu hivyo aliweza kuifanya amefumba macho.

Mwenye gari alikuwa shemeji yake, mkono wa birika wa kutupwa, aliyemkumbuka fundi kila gari lilipougua na kumsahau lilipopona. Kilichowaunganisha ni marehemu dada yake fundi, aliyekata roho kwa pumu ndani ya gari hilohilo, akikimbizwa hospitali. Ndivyo shemeji alivyowaeleza msibani, na hakuna aliyemuuliza mara mbili. Alibaki na binti mmoja, Kidoti, aliyeitwa hivyo kwa alama nyeusi ya kidevuni, na siku hiyo alikuja naye.

Shemeji alilalamika kwamba joto linatoka upande wa abiria tu, kwamba siku hizi anaendesha vioo wazi kama lori la mchanga, na kwamba mtoto naye hataki tena kukaa mbele. Akasema ni kudeka. Kisha akaenda ng'ambo ya barabara kuongea na simu, akamwacha Kidoti juu ya tairi kuukuu.

Fundi alichomoa waya wa betri, akatoa droo ya dashibodi, akalala chali kwenye sakafu ya upande wa abiria, miguu nje. Alikifungua kijimota na kukigeuza mwangani. Meno yake yote yalikuwa mazima. Kijimota kilikuwa kiganjani mwake, betri haina waya, na nyuma ya dashibodi kitu kikaendelea kugonga.

Halafu ikaja harufu ya waridi. Fundi aliijua tangu utotoni, maana dada yake alikuwa kiti cha jini. Lilimpanda akiwa msichana, na kila lilipomjia nyumba nzima ilinuka waridi. Wakakua nalo kama wengine wanavyokua na babu mkali. Alipozikwa, wote walidhani limekwenda zake. Sasa fundi alilala pale na bisibisi kifuani, akisikia joto likimshukia usoni kutoka kwenye matundu ya hewa ambayo hayakuwa na feni wala umeme wa kuyapulizia, joto lenye pumzi ndani yake, linaloingia na kutoka kwa shida kama kifua cha mgonjwa, mpaka pumzi ile ikawa maneno, na maneno yakawa ya sauti ambayo hakuisikia tangu siku ya mwisho dada yake alipopandwa.

"Alitufungia humu," ilisema. "Jua la mchana, vioo juu, funguo mfukoni mwake. Akaenda kupiga soga. Tuligonga kioo, mimi na yeye, mpaka mikono yake ikaacha."

Fundi alinong'ona, "Unataka nini?"

"Kiti. Mfungie humu kama alivyotufungia. Ukimwachia, nampanda huyo mdogo. Damu ni ileile."

Alitoka akitambaa. Kidoti alikuwa amesimama mlangoni, midomo imemkauka na kupasuka.

"Mjomba, na wewe umemsikia?" aliuliza kwa sauti ya chini. "Mimi huniambia nikae mbele."

Mganga aliyemtuliza dada enzi za usichana wake alikuwa bado hai, na simu moja tu ingemleta. Fundi alimfikiria. Lakini kwanza alivuka barabara, akamuuliza shemeji yake ana kwa ana dada alikufa vipi. Shemeji aliruka, akaapa, akasema watu wana midomo. Fundi alipomtajia funguo na jua, alitazama chini.

"Ilikuwa kumtia adabu tu," alisema. "Nilikawia kidogo."

Basi mganga akasahaulika. Fundi alitaka mtu yule ateseke, alitaka hivyo kwa moyo wake wote, na huruma ya mtoto ikampa kisingizio. Alifunga kijimota, akarudisha droo na waya wa betri, akamwita shemeji kwa upole wa fundi yeyote anayemaliza kazi: apande upande wa abiria, apandishe vioo, ampe funguo, asogeze uso kwenye matundu wakati yeye anajaribu feni. Wateja wote hufanya hivyo. Shemeji akafanya. Gari lile likifungwa kwa rimoti halifunguki kwa ndani, na fundi alibonyeza, akampeleka Kidoti nyuma ya karakana, akamziba masikio kwa mikono yake miwili.

Kugonga kulianza, kukawa kwingi, kukaisha. Aliporudi na kufungua, shemeji alikuwa hai. Alishuka akiwa mkavu, bila tone la jasho, akazunguka gari, akashika usukani na kuondoka bila kumuulizia mwanawe.

Kidoti akahamia kwa mjomba wake. Midomo ilipona, akaanza kucheka, na fundi alilala usingizi wa pono bila majuto yoyote.

Miezi ikapita. Alasiri moja alirudi nyumbani akamkuta shemeji sebuleni, amenyooka, mpole, na mke wa fundi akifunga begi la mtoto kwa furaha. Alisema baba mtu amebadilika, ameomba radhi, ameshazungumza na wazee wote wa ukoo nao wameridhia. Chumba kilinuka waridi.

Fundi alimsogelea, akanong'ona, "Ulisema nikikupa kiti utamwacha mtoto."

"Nilisema sitampanda, na sitampanda," ilijibu ile sauti, kwa kinywa cha shemeji, kwa upole. "Nimekuja kumlea. Si umenipa baba yake?"

Kidoti alikwisha vaa viatu. Fundi alisimama kwenye kizingiti, mikono ameikaza kwenye fremu za mlango pande zote mbili, akitafuta neno ambalo mkewe angeliamini, na kila neno lilianza na yeye kubonyeza rimoti.

"Baba, mpishe mwenzio," mkewe alisema. "Mtoto ni wake."

Akapisha.