Vibuyu vya Korongoni

Kila asubuhi ya kipupwe, kabla ya kwenda shule, Lukresia alitoa ndama nje na kubandika uji. Huko Mbulumbulu, ikifika mwezi wa saba, ukungu hushuka kutoka msitu wa Ngorongoro na kukaa mashambani kama mgeni asiyejua kuaga.

"Mama, uji tayari."

"Kunywa wewe, mwanangu. Mimi nasikia baridi," mama yake alijibu kutoka ndani ya blanketi.

Mama yake, Evarista, zamani alikuwa mtu wa kicheko. Ukipita barabarani ulijua yuko nyumbani. Lakini kipupwe kilipoanza alijifungua mtoto wa kiume asiye na uhai, na tangu mazishi hakutoka tena nje. Hakuchana nywele wala hakuuliza habari za shule. Baba, Thomasi, aliyeendesha trekta katika mashamba ya ngano, alikuwa na jibu moja tu.

"Ni baridi. Jua likitoka atapona."

Alilisema mara nyingi mno, hata ndama wangeweza kulikariri. Lukresia hakuliamini. Aliogopa kwamba siku moja angerudi kutoka shule na kumkuta mama yake amezimika kabisa.

Tena kulikuwa na jambo lililomtia wasiwasi zaidi. Jirani yao Germana, rafiki mkubwa wa mama, zamani hakuweza kumaliza siku mbili bila kuja kuomba moto au chumvi. Sasa alikuwa akifika kwenye ua wa minyaa, anasimama nje, anajifunika khanga vizuri, anatazama huku na huku. Halafu huweka kitu chini na kuondoka haraka.

Lukresia alimweleza Clemensi, waliyekaa naye dawati moja. Clemensi alijua kila kitu duniani isipokuwa hesabu.

"Alitazama huku na huku?"

"Ndiyo."

"Basi huo ni uchawi. Mtu mwema hubisha hodi. Usikiguse kwa mkono, utaugua na wewe!"

Kuanzia hapo, kila Lukresia alipokuta kitu chini ya minyaa, alikisukuma kwa fimbo ya ndama hadi korongoni, nyuma ya nyumba, bila hata kukitazama vizuri. Alijiona shujaa. Alipokutana na Germana kisimani alimwamkia huku akitazama pembeni, na Germana naye aliitikia kwa unyonge. Lukresia akazidi kuamini kwamba mama huyo ana hatia.

Mwezi wa tisa ukungu ukaanza kuondoka mapema. Jua likatoka, watu wakatoka na majembe, vicheko vikasikika mashambani. Evarista alibaki ndani. Thomasi alichanganyikiwa. Dawa yake ilikuwa imefika na mgonjwa hakupona. Akampeleka mkewe zahanati, Lukresia akiwafuata na chupa ya maji.

Mganga wa zahanati, Bwana Josephati, alimpima Evarista, akaweka vifaa vyake mezani na kuvuta kiti karibu.

"Homa huna, na kifua chako ni kizima. Lakini unaumwa kweli. Huzuni ikikaa muda mrefu nayo ni ugonjwa, na baridi ya kujifungia ndani huuongeza. Kaa juani kila asubuhi. Fanya kazi ndogo ndogo. Uje kuniona kila wiki. Na usikae peke yako. Nani huja kuongea nawe?"

"Hakuna," alisema Evarista. "Wamenitupa wote. Hata Germana."

Lukresia aliuma midomo. Afadhali huyo asije, aliwaza.

Asubuhi iliyofuata alikuta kitu kingine chini ya minyaa, safari hii furushi la karatasi. Akainua fimbo. Lakini sisimizi walikuwa wametangulia. Walitoka kwenye karatasi kwa mstari, kila mmoja na punje nyeupe mdomoni. Lukresia aliinama. Akagusa punje moja kwa kidole, kisha akalamba.

Sukari! Na hiyo ilikuwa miaka ile watu walipopanga foleni kwenye duka la ushirika na kurudi mikono mitupu. Nani hutumia sukari kuloga?

"Lukresia?" Germana alikuwa bado njiani.

"Shikamoo, shangazi. Kwa nini hubishi hodi?" Swali lilimtoka kabla hajajizuia.

Germana alilegeza khanga. Tumbo lake lilikuwa kubwa.

"Mama mkwe amenikataza. Anasema nyumba yenu ina metimani, ule mwiko wa nyumba iliyopoteza mtoto mchanga. Mwenye mimba asivuke ua mpaka mvua za vuli. Akiniona hapa ni ugomvi. Nikaona nimletee mama yako maziwa hapa hapa. Lakini hajanirudishia hata kibuyu kimoja. Nimeelewa. Hataki kuniona, mimi mwenye mimba."

Lukresia alihisi uso ukimwaka. Kila mtu huko alijua kwamba kibuyu cha jirani hurudishwa na kitu ndani yake, japo konzi ya maharage. Kukizuia ni kuvunja urafiki. Na urafiki huu ulivunjwa kwa fimbo yake.

Aliteremka korongoni mbio. Vibuyu vilikuwa kule, vingine vimepasuka, kimoja kizima. Akakipeleka kwa mama yake pamoja na sukari, akamweleza yote huku analia.

Evarista alikishika kibuyu kwa mikono miwili.

"Kumbe alikuwa anakuja?"

"Ndiyo, mama."

"Kipupwe chote?"

"Chote. Nisamehe, mama."

Mama akalia kwa sauti, kwa mara ya kwanza tangu mazishi. Kisha akafuta machozi, akakisuuza kibuyu, akakijaza maharage. Akatoka nje. Jua lilimpiga usoni, akafumba macho kidogo, akaendelea hadi kwenye ua, ambako Germana alikuwa bado amesimama. Wanawake wale wawili walisimama, mmoja huku na mwingine kule, minyaa katikati yao, wakaongea mpaka uji ukapoa.

Evarista hakupona siku hiyo. Zilikuwepo siku za kurudi kitandani, na aliendelea kwenda zahanati kila wiki. Siku moja Lukresia alimsimulia Bwana Josephati habari za korongo. Mganga hakumkaripia.

"Mwanangu, ulimpenda mama yako, lakini ulidhani badala ya kuuliza. Dawa niliyomwandikia, yaani mtu wa kumjali, ilikuwa inafika mpaka uani kwenu hata kabla sijaiandika. Wewe ukawa unaimwaga. Mtu mwenye huzuni huamini haraka kwamba ametupwa, kwa hiyo sisi tulio karibu naye tusiongeze dhana juu ya dhana. Ukiona usichokielewa, uliza."

"Nimesikia, mganga."

Mvua za vuli ziliponyesha, Lukresia alikuwa jikoni aliposikia sauti mlangoni. Haikutoka kwenye ua, ilikuwa mlangoni kabisa.

"Hodi wenyewe!"

Mama yake alicheka. Kilikuwa kile kicheko cha kusikika mpaka barabarani.

"Karibu, Germana! Karibu mpaka ndani."

Lukresia akaongeza maji kwenye chungu cha uji.