Kadi ya Kapteni Redmayne

Kadi ya mgeni, yenye jina lake, ilikuwa imelowa, na mji wa Cheltenham, Uingereza, haukuwa umepata mvua kwa siku tisa.

Mabbott, mtumishi wa mlangoni, aliileta sebuleni juu ya sinia la fedha, Jumanne alasiri, saa ya wageni. Jenerali Tunstall aliisoma, chai ikampanda puani. Kapteni Piers Redmayne. Kona imekunjwa, kama wafanyavyo watu wa pale kusema: nimekuja mwenyewe, kwa miguu yangu.

Kapteni Redmayne alikuwa mkwewe. Alikuwa pia maiti, mwaka wa kumi na nane sasa, chini ya udongo wa Krimea, alikofia vitani.

"Umemwona, Mabbott?"

"Nimeona buti, bwana. Kwingine nimeona heri nisitazame."

Miaka arobaini jeshini ilikuwa imemjaza Jenerali medali, hata akicheka kifua kinalia kama droo ya vijiko. Kubwa kuliko zote aliipata kwa uongo. Kule Krimea, kwenye daraja walilolilinda, yeye ndiye aliyempa Redmayne amri ya kurudi nyuma. Daraja likapotea, watu mia mbili wakafa, Redmayne akiwamo, na kwenye ripoti yake akaandika kwamba kapteni alikimbia. Maiti angebisha vipi? Tangu hapo Honoria, binti wa Jenerali na mjane wa kapteni, aligeuza picha ya mumewe ikatazama ukuta, wala hakumvalia nyeusi hata siku moja.

Jumanne ya pili kadi ilikuja na tope. Ya tatu ilikuja na harufu ya baruti iliyolowa, ikapanda mapazia, ikaingia hadi kwenye siagi. Kasisi aliitwa aiombee nyumba. Alifika ukumbini, akanusa, akakumbuka ana mazishi mahali.

Jumanne ya nne Mabbott aliingia mweupe kuliko leso yake.

"Anasema hana ugomvi, bwana," alinong'ona. "Umwambie tu bibi Honoria ukweli wa darajani. Ukisema, harudi tena."

Honoria aliacha kumimina chai. "Ukweli gani, baba?"

Jenerali alifungua mdomo, na maneno yalikuwa pale, yakigonga meno, na huko ukumbini buti zenye maji zikaanza kutembea, hatua moja, hatua nyingine, na baruti ikamjaa kooni, na akamtazama binti yake, na ile picha iliyopewa adhabu, na medali yake, na aibu ikamzidi hofu, akasema wanachosema mabwana wote wa Cheltenham wakimchoka mgeni:

"Mwambie sipo."

Buti zikanyamaza.

Honoria akakitazama kiti cha baba yake kama kiti kitupu, kana kwamba hakuwa akizungumza naye sasa hivi. "Mabbott, baba ametoka saa ngapi?"

"Sijamwona leo, bibi."

"Niko hapa," Jenerali alisema. "Honoria, mimi ndiye niliyetoa amri. Piers hakukimbia." Akapiga meza. Hata kijiko hakikutikisika. Alirudia kwa sauti iliyowahi kusimamisha vikosi, na binti yake akakoroga sukari.

Basi akatoka, akabisha mlango wake mwenyewe, akatoa kadi yake, akaikunja kona.

Mabbott aliileta akiwa amegeuza uso mbali na sinia. Kadi ilikuwa imelowa. Ilinuka baruti.

Honoria alisoma jina la baba yake. "Umeona nani pale?"

"Medali tu, bibi. Zinalia."

Honoria akairudisha kadi kwenye sinia, polepole.

"Mwambie sipo."