Aliyefunika Paneli

Yah: UHAMISHO WA MUDA WA PANELI ZA JUA ZINAZOKUNJIKA (MBILI) KUTOKA GHALA KUU KWENDA GARI LENYE VITANDA.

Barua hiyo niliiandika mimi, Wiliam, afisa ugavi, nikajipelekea mwenyewe nakala. "Gari lenye vitanda" lilikuwa la watalii fulani, mume na mke, waliolitelekeza Mpanda baada ya injini kuwashinda. Ndani lina kitanda, jiko, sinki na friji ndogo. Mfumo wetu hauna kundi la magari yenye sinki, kwa hiyo gari lilisimama nyuma ya ofisi muda mrefu tu likiwa, kiserikali, halipo. Kisha idara ya afya ikaliomba liwe kliniki tembezi. Likapakwa rangi nyeupe, likapewa namba, likaanza kuwepo. Watu wa Shanwe, mtaa wetu pale Mpanda, wakaliita Konokono.

Siku ninayoisimulia, Konokono alikuwa amebeba mifuko miwili ya damu.

Ilikuwa damu ya mtu mmoja. Lidia, mke wa Claude, mfuga nyuki wa kijiji kimoja upande wa Ugalla. Uzazi wa kwanza alivuja damu mpaka wakamfumba macho wakijua amekwenda. Mtoto hakupona. Safari hii hospitali ilimwambia asogee mjini mapema, na kundi lake la damu, ambalo ni la kutafuta kwa tochi, likawekwa tayari. Mto ukaondoka na daraja kabla yake. Ndipo ikaamuliwa Konokono azunguke kwa njia ya msituni, amchukue, na damu iwemo ndani kwa tahadhari.

Tulifika, mimi nikiwemo kwa ajili ya paneli. Kutoka ndiyo ikawa shughuli. Gari lilizama kwenye tope nyuma ya nyumba ya Claude, starta ikafa, na dereva wetu, Ngusa, akakunja suruali akaenda kwa miguu kutafuta trekta. Na Lidia, kama vile alikuwa anatusubiri sisi tu, akashikwa na uchungu.

Muuguzi Hilaria, mama wa Kipimbwe kutoka Usevya, alitoa kichwa dirishani.

"Afisa, friji inalia."

"Inasemaje?"

"Inasema betri imekwisha. Wewe si ndiye ugavi? Tugaie."

Barafu ya kwenye kiboksi ilishageuka maji tangu mchana. Damu inataka ubaridi wa friji. Ikipata joto ni ya kumwaga, haina kuirudisha. Alasiri ilikuwa imeanza kulegea. Nikatoa zile paneli.

Zinakunjwa kama begi la nguo, zina miguu ya kusimamia. Maelekezo yake ni ya Kijerumani na Kichina, lugha mbili ambazo halmashauri haijazitengea bajeti. Barua yangu mwenyewe iliagiza zielekezwe mashariki. Saa hiyo mashariki kulikuwa na wingu jeusi tu, na jua lilikuwa upande mwingine kabisa, halijasoma barua.

Nikatafuta uwazi. Uwanja wa Claude umezungukwa na miti, na karibu kila mti una mzinga. Mahali pamoja tu palikuwa peupe: nyuma ya nyumba, duara la ardhi ngumu, halina hata jani. Nikatandaza pale.

Claude alikuwa mlangoni. Alinitazama. Akafungua mdomo… Lidia akaita kwa ndani, akaufunga akaingia.

Nikavuta waya mpaka kwenye gari. Kwanza betri kwenye kontrola, kile kiboksi cha kuratibu chaji, nyekundu kwa nyekundu, nyeusi kwa nyeusi. Paneli mwisho. Ukianza na paneli, umeme unaingia usijue pa kwenda, na kontrola inakufa palepale. Nilifanya kwa mpangilio. Kioo chake kidogo kikawaka, kikachora kijua, na chini yake namba ikaanza kupanda. Friji ikanguruma.

"Asante Mungu," Hilaria akasema.

"Na halmashauri."

"Mungu kwanza. Halmashauri ilete vielelezo."

Tukacheka kidogo. Kisha namba ikashuka.

Haikushuka polepole kama wingu likipita. Ilikatika.

Nikatoka. Paneli zote mbili zilikuwa zimefunikwa kitenge. Hakikurushwa juu juu. Kilitandazwa vizuri, pembe zimechomekwa chini, kama mtu anavyomfunika mtoto aliyelala. Uwanjani hapakuwa na mtu. Nikakitoa, nikakikunja, nikakiweka kwenye ngazi ya gari. Namba ikarudi.

"Nani ameweka nguo?" nikauliza.

Hilaria hakushangaa. "Si unaona wingu. Watu wa huku likija wingu wanafunika vioo. Radi ya kutumwa, afisa. Ikijiona kwenye kioo inajua imefika."

"Na wewe unaamini?"

Akasogea pembeni. Kioo cha kwenye sinki la Konokono kilikuwa kimefunikwa taulo, kwa plasta ya hospitali.

"Hiyo imo kwenye mwongozo wa wizara?"

"Nyie wa mjini mnapenda mwongozo. Nenda kakae na sola zako."

Namba ikakatika tena.

Tulikuwa wote wawili mlangoni. Ngazi ilikuwa miguuni petu. Kitenge hakikuwepo juu yake… kilikuwa kule, kwenye paneli, pembe zimechomekwa, na safari hii mawe madogo yamewekwa juu yake ili upepo usikichukue.

Hilaria akajipiga ishara ya msalaba. Kisha akashika kazi, maana ndivyo alivyo. "Nenda ukalinde. Mimi naenda kwa Lidia, njia inafunguka. Jua likikupa hata hilo lililobaki, betri itatufikisha asubuhi. Usiondoke hapo, Wiliam. Umesikia?"

Hakuwahi kuniita jina kabla ya hapo.

Nikakitoa kitenge, nikakikalia. Nikakaa kwenye kigoda kati ya paneli mbili kama mlinzi wa benki. Jua lilikuwa limeshuka chini ya wingu na kupata upenyo. Uwanja wote ukawa na rangi ya mafuta ya kula. Kutoka kwenye gari nilisikia friji ikinguruma vizuri. Kutoka ndani ya nyumba, Lidia. Alikuwa anaugulia kwa Kirundi cha kwao, na Hilaria anamjibu kwa Kipimbwe, na walielewana.

Kisha nyuki wakanyamaza.

Mtu asiyeishi nao hajui kama wana sauti mpaka iondoke.

Harufu ikatangulia. Nywele zilizoungua. Na chini yake, asali iliyoachwa motoni.

Alitokea upande wa nyumba. Mama mtu mzima, pekupeku, gauni lake limelowa kifuani kama aliyekuwa ananawa. Hatua zake hazikuwa na mlio. Mikononi alikuwa na kitenge.

Niliangalia nilichokikalia. Nilikuwa nimekalia mbao.

Nikasema, kwa sababu mtu akilelewa amelelewa, "Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu." Sauti ndogo, ya mtu asiyetaka kumwamsha aliyelala. "Umeacha vioo nje."

"Si vioo. Ni sola."

"Itajiona humo."

"Nini?"

Akatazama wingu kama mtu anavyomtazama mgeni aliyeshazoea kuja bila taarifa.

"Mama, ndani kuna mgonjwa. Friji ikizima damu yake inaharibika."

"Namjua huyo," akasema.

Akainama.

Gauni likasogea shingoni, nikaona alama. Zilianzia nyuma ya sikio, zikashuka begani, zikajigawa, zikagawanyika tena mkono mzima… kama mizizi. Nyekundu iliyokolea. Hakuna chale za namna ile. Hakuna mganga mwenye mkono mwepesi hivyo.

Nilitaka kusimama. Naikumbuka hiyo nia vizuri. Vinywele vya mikono vilisimama, mimi sikusimama. Ganzi ilianzia kwenye kucha, ikapanda viganja, ikafika viwiko. Ulimi ukawa na ladha ya betri. Watu hudhani ule ulikuwa woga. Woga una joto, unakimbiza moyo. Hii haikuwa na kitu. Ilikuwa kama kusoma dokezo lililoandikwa na idara nyingine: nimeliona, halinihusu.

Alitandaza. Alinyoosha mikunjo kwa kiganja. Alichomeka pembe ya kwanza, ya pili. Alizunguka nyuma yangu, nikasikia harufu ikizunguka naye. Akachomeka zilizobaki. Akaokota mawe, akayapanga.

Kwenye gari, friji ilikohoa. Ikanyamaza.

Nililisikia hilo. Niliwaza: friji imezima. Niliwaza hivyo hivyo, bila kuongeza neno.

Akanigusa kichwani, kama anapapasa tunda.

"Sasa lala," akasema.

"Wiliam!"

Hilaria alikuwa ananitikisa. Uwanja ulikuwa wa bluu; jua lilishaingia nyuma ya miti. Mikono yake ilikuwa na damu hadi viwiko, na ndani ya nyumba mtoto alikuwa analia kwa hasira, kilio kizuri cha mapafu mazima.

"Nani kafunika? Nimekuambia ukae, nani kafunika?"

Nilijaribu kumjibu. Ulimi ulikuwa kama wa mtu aliyetoka kung'olewa jino.

Akanipita akapanda garini. Nikamsikia akifungua friji. Alipotoka alikuwa na ile mifuko miwili, mmoja kila mkono, amening'iniza kama mtu aliyetoka sokoni.

"Imepata moto," akasema. "Nikimpa hii namuua kwa mkono wangu. Nisipompa…"

Akaiacha kwenye ngazi akarudi mbio ndani. Nami nikaamka nikamfuata, miguu ikiwa ya mtu mwingine.

Nilimulika kwa tochi ya simu. Hilaria alitumia kila sindano ya kuzuia damu aliyokuwa nayo, kisha akatumia ngumi zake kubana tumbo, kisha akatumia sala. Claude alikuwa amepiga magoti kichwani pa mkewe, amemshika uso. Lidia alikuwa macho. Alikuwa mweupe midomo, na mtulivu kuliko sisi sote.

"Kitenge changu," akamwambia mumewe. "Cha kumpokelea mtoto. Mbona wamemwacha wazi?"

Claude akapekua furushi la uzazi. Akatoa kanga, akatoa pamba, wembe, sabuni. Kitenge hakikuwemo. Nikajua kiko wapi. Nikavua koti langu la ofisini, wakamvika mtoto hilo.

"Nani alikichukua?" Lidia akauliza tena, kwa mshangao tu.

Hakuuliza kitu kingine.

Tulimzika kesho yake, baada ya trekta kufika. Majirani walichimba kwa ufundi na upole, na katekista akasoma kwa haraka kwa sababu wingu lilikuwa limeanza tena. Baadaye Claude akanifuata nilipokuwa nakunja paneli. Duara lile la ardhi ngumu lilikuwa kati yetu. Hakulikanyaga.

"Afisa, ningekuambia jana. Lidia akaniita."

"Uniambie nini?"

"Hapo ulipotandaza. Hapo ndipo mama yangu alipigwa na radi. Alikuwa ananawa, beseni la maji mbele yake. Maji nayo ni kioo. Tangu siku ile hapaoti kitu."

Nikamwelezea yule mama: gauni, miguu, shingo, kitenge. Claude alisikiliza akitazama chini. Nilipofika kwenye neno alilosema, "namjua huyo", akainua uso.

"Wakati wa kuzaa nilikuwa nimeshika mikono ya Lidia," akasema. "Ndani tulikuwa sisi na muuguzi. Lile furushi lilikuwa chini ya kitanda. Hakuna aliyelifungua."

"Basi mama yako alikuwa anawalinda. Alikuwa anaikinga nyumba."

"Inawezekana."

Alijifuta vumbi la kaburi kwenye kidole gumba.

"Mama hakumtaka Lidia," akasema. "Alisema yule hatalea katika uwanja wake. Alilisema mbele ya watu, wiki ile aliyokufa."

"Kwa hiyo alikuja kulinda, au…"

"Mimi ni mwanawe, afisa. Usiniulize mimi."

Mtoto yuko kwa dada wa Lidia, huko Katumba. Wamempa jina la mama yake.

Mpanda, mtunza ghala alipokea paneli mbili, akazikagua mbele na nyuma, akaandika "nzima". Kitenge alikikataa kwa sababu hakikutoka ghalani, na kisichotoka hakiwezi kurudi. Kwenye ripoti, penye "Sababu ya vifaa kutozalisha umeme", niliandika "Kivuli". Mkaguzi akataka kujua kivuli cha nini. Nikamwambia nafasi iliyoachwa inatosha neno moja. Akakubali. Lilikuwa jibu la kitaalamu. Ninasikia kuna waraka unaandaliwa kuhusu miti.

Viganja vyangu bado vina ganzi. Daktari amenipa vidonge vya mishipa. Hilaria tunakutana Shanwe, kwenye kibanda cha chai, na hatulizungumzi. Mara moja tu alisema kwamba mwili wa binadamu hufa ganzi hivyo, na nywele husimama, radi ikiwa inakaribia kupiga pale ulipo. Kwamba pengine ilikuwa juu ya kichwa changu, ikitafuta. Kwamba pengine yule mama alituokoa. Kisha akaangalia mikono yake, akaagiza chai nyingine, hakuinywa.

Kijijini nako wanasema hivyo: paneli zisingefunikwa, wangezika watu wengi.

Sijui. Wingu lile lilipita. Mvua haikunyesha, na radi haikupiga mahali popote jioni ile. Friji ilizima, damu ikaharibika, na Lidia akafa.