Magunia Nyuma ya Pazia

Kila jioni akitoka shule, Daphine alianua mahindi uani kwao Buteba, kisha akakimbilia netiboli. Jumanne hiyo mama yake, Kevina, alimwongezea kazi. Alikuwa ametia vidonge vya kuua wadudu katika magunia mawili madogo ya mahindi.

"Peleka hayo magunia stoo ya nje," alisema. "Usiweke ndani, hiyo dawa inatoa gesi mbaya. Mimi nakwenda Busia, nitarudi usiku."

Stoo ilikuwa ng'ambo ya shamba la mihogo, na wenzake walikuwa wakimwita. Daphine akayaburuta hadi nyumba ya bibi yake, mama wa Kevina, akayaficha nyuma ya pazia walikolala kuku. Upande wa pili walilala Bibi na Allan, mdogo wake wa miaka minne. Akafunga kila gunia kwa kamba mara mbili, akajiona mjanja.

Asubuhi alipokwenda kufungulia kuku, wote watano walikuwa wamekufa. Akawatupa kwenye mihogo bila kumwambia mtu. Allan alikuwa akitapika na kuhema. Bibi alilalamika kichwa kinamuuma, akasema abaki alale kidogo.

"Magunia uliweka wapi?" Kevina aliuliza huku akimbeba Allan.

"Stoo, Mama."

Zahanatini, muuguzi Aidah aliuliza kama nyumbani kuna dawa ya wadudu.

"Iko stoo ya nje," Kevina alijibu.

Daphine akainamia sakafu. Alijua ukweli, lakini aliogopa fimbo. Allan akatibiwa malaria.

Saa saba mchana boda boda ilimleta Bibi, hajitambui. Ndipo Daphine aliposema yote, akilia.

Aidah alibadilisha matibabu papo hapo. Allan alipona baada ya siku nne. Bibi hakuiona jioni.

"Lakini nilifunga kamba mara mbili," Daphine alisema.

"Gesi haikai unapoiweka," Aidah alimjibu. "Inapenya gunia, inapita pazia, inajaza chumba chote, juu na chini, pamoja na vifua vya waliolala."

Baada ya mazishi Kevina alimwita. Hakushika fimbo.

"Kuweka magunia ndani ni kosa. Ningekuchapa, ikaisha," alisema. "Lakini mtu akikuuliza ukweli, sema saa hiyo hiyo. Asubuhi nilipokuuliza, mama yangu alikuwa bado anaongea."