Kiganja Kwenye Karatasi ya Kijani

Alama ilianzia chini kabisa, kwenye karatasi ya kijani, mahali ambapo hata mteja hana haja ya kutazama.

Aliyeiona ni mke wa fundi wa kiwanda kidogo cha uchapaji. Yeye alikaa mwisho wa mashine akipokea fomu za nakala: nyeupe juu, kisha ya waridi, ya njano, na ya kijani chini, kila moja imetoka kwenye rola yake na kugandishwa ukingoni kwa gundi. Nyeupe ilikuwa safi. Ya kijani ilikuwa na alama ya kiganja cha mtu, kidole cha shahada kimepinda.

Alikijua kidole kile. Kilikuwa cha shemeji yake, mdogo wa fundi, aliyevutwa na rola hizohizo akafa, akiunga karatasi iliyokatika.

Kwa kelele za pale watu hawakuitana. Aliyeingia kuunga akishatoka hugonga chuma kwa spana, ndipo mwenzake awashe. Fundi, aliyewasha siku ile, alidai mdogo wake aligonga kabla ya kutoka. "Haraka zake mwenyewe, mama," alisema msibani, na mama yao akainama. Uongo mtupu. Mke alikuwepo, hakusikia spana wala nini, lakini akaufyata, maana aibu ya mume humvaa na mke.

Kiganja kikapanda. Kikawa kwenye njano, kisha kwenye waridi, na chumba kikaanza kunuka kafuri ya maiti.

"Unakiona?" mke alinong'ona.

"Wino umevuja."

"Wino gani? Kamwambie mama ukweli."

"Nimwambie nimemuua mwanawe? Nyamaza, kitatusikia."

Mficha maradhi, kifo humuumbua. Mchana ule karatasi ilikatika, na kabla mke hajamzuia, fundi alikuwa ameshapenyeza mikono ndani, kafuri ikizidi mpaka macho yakawasha, na ingawa swichi ilikuwa imezimwa, rola zikaanza kujizungusha polepole, bila haraka hata kidogo, zikauma mkono wa shati, zikavuta, mke naye akavuta upande wake akipiga mayowe, mpaka shati likachanika na fundi akaanguka sakafuni akilia kama mtoto. Kiganja sasa kilikuwa juu, kwenye nyeupe.

Mke alikimbia hadi kwa mama mkwe, akamkuta anakunja nguo za marehemu.

"Mama, mwanao hakugonga. Mume wangu aliwasha kwa pupa, nami nikanyamaza. Tusamehe. Mwombe marehemu atuachie."

Mama aliendelea kukunja. "Nilijua tangu msibani. Ulishindwa kunitazama." Akalaza shati juu ya shati. "Na marehemu msimsingizie. Mwanangu hakuwa na kinyongo, amelala zake. Huyo aliye kwenye mashine nimemwita mimi. Nilimpa kiganja cha mwanangu ili mjue mnatafutiwa nini. Nikasubiri mseme. Nilisubiri mpaka nikachoka."

"Basi mrudishe, mama! Fundi naye si umemzaa wewe?"

Mikono ya mama ikasita. Kwa mara ya kwanza uso wake ulionyesha hofu.

"Kumwita nilifundishwa," alisema. "Kumrudisha sikuuliza, binti yangu. Nilikuwa na uchungu."

Ndipo mke alipokumbuka alikomwacha fundi: sakafuni, peke yake, kando ya mashine.