Mke Mwenza wa Mtoni

Wenzake walipotoka mtoni wakichuruzika maji, Kamba alitoka mkavu, na shati lake linanukia marashi. Wanajeshi wajenzi wa daraja wakaangua kicheko. "Ndugu yetu ana mchumba humo!" Sajini hakucheka. Adui alikuwa ng'ambo akiwapiga risasi kila walipounganisha maboya, na wote waliofanya kazi ubavuni mwa Kamba walikuwa wamezikwa, naye hata mkwaruzo hana.

"Siku ile ya kwanza ulisema nini?" alimnong'oneza.

"Risasi zilikuwa zinanyesha, Sajini! Nilisema tu, 'Uliye humu niokoe, nami nitakuwa wako.' Mtu akiogopa si husema lolote?"

"Ukamwambia una mke?"

"Nimwambie nani?"

Mdomo uliponza kichwa. Daraja lilipokamilika, wakimbizi wakaanza kuvuka, na Kamba akamwona mkewe katikati ya umati, furushi kichwani. Akamwita kwa furaha, "Mpenzi wangu!" Papo hapo marashi yakajaa hewani mpaka watu wakakohoa, na mafundo ya daraja aliyoyafunga Kamba kwa mikono yake mwenyewe, yale ambayo hata mafuriko hayakuyalegeza, yakaanza kufunguka moja baada ya jingine, polepole, kama mtu anayefungua vifungo vya nguo, hadi ubao aliosimamia mkewe, huo tu, ukajitenga na kuanza kuzama, na chini yake sauti ya kike ikauliza kwa upole wa kutisha, "Huyu ni nani?"

Mkewe, maji magotini, ndiye aliyejibu.

"Mimi ndiye mke mkubwa. Na wewe kama umeolewa kweli, mwenzangu, basi ukewenza una zamu. Ukiniua, huyu atanililia mimi maisha yake yote, na wewe utakaa unamsikiliza."

Kisha ubao ukapanda.

Vita viliisha zamani. Wana nyumba, wana watoto, na kila Alhamisi Kamba hushuka mtoni, hurudi Ijumaa. Majirani humpa mkewe pole, wakidhani analia kwa hofu. Hofu ilishamtoka. Kinachomchoma roho ni kwamba zamani mumewe aliondoka akitetemeka, amemng'ang'ania mkono mlangoni. Siku hizi hunyoa ndevu tangu Jumatano, na Alhamisi huondoka akipiga mluzi, asiage hata watoto.