Ukimya Juu ya Nsumba

Kila Jumamosi Lanyero aliamka mapema, akafagia ua wa nyumba yao kule Mbuya, mtaa wa Kampala, kisha akamsubiri shangazi yake langoni. Baba yake, Sajini Obwona, alikuwa mwanajeshi, lakini aliyeruka angani katika ukoo wao alikuwa Shangazi Alal. Alikuwa rubani wa ndege ndogo iliyopeleka chanjo visiwani, katika Ziwa Viktoria. Lanyero alizoea kufuatana naye hadi Nsumba, kiwanja kidogo cha ndege nje ya Kampala, kumsaidia kupanga maboksi.

Jumamosi moja kiti cha mbele kilikuwa wazi.

"Leo utaketi nami," shangazi alisema. "Sharti ni moja tu: usiguse kitu."

"Sitagusa, Shangazi."

Safari ya kwenda ilikuwa shwari. Muuguzi wa kisiwani alipokea chanjo zake, nao wakaruka kurudi. Walipokaribia nchi kavu waliona mvua imetanda upande wa Kampala. Shangazi aliwaaga waongoza ndege wa Entebbe kwa redio, akazungusha kitufe, na namba nyingine zikawaka.

"Sasa utazungumza na nani?" Lanyero aliuliza.

"Na marubani wenzangu. Nsumba hakuna mnara, wala mtu wa kutuambia nani atangulie kutua. Kwa hiyo sote tunafungua redio kwenye masafa haya mamoja, yaani namba hizi unazoziona. Kila mmoja anasema yuko wapi na anataka kufanya nini, wengine wanasikia na kujipanga." Akabonyeza kitufe cha kusemea. "Ndege zote za Nsumba, hapa Alal. Natoka kusini, niko juu ya ziwa, nakuja kutua. Nsumba."

"Mbona umetaja Nsumba mara mbili?"

"Kuna viwanja vingine vinavyotumia masafa haya haya. Aliyekosa neno la kwanza atalipata la mwisho."

Sauti nzito ikajibu. Ilikuwa ya Kapteni Wanjala, rubani mwenzake. Alisema anatoka magharibi, naye anakuja kutua, ila bado yuko mbali.

Shangazi aligeuza uso dirishani kuyachungulia mawingu. Lanyero akakitazama kile kitufe cha namba. Alitaka tu kujua kinazungukaje. Akakigusa kwa ncha ya kidole. *Tik!* Namba ya mwisho ikabadilika. Akaurudisha mkono mapajani haraka. Shangazi hakuwa ameona.

"Ndege zote za Nsumba, hapa Alal, naingia kwenye mzunguko wa kutua. Nsumba."

Kimya.

"Wanjala, uko wapi?"

Kimya tena. Matone ya kwanza yakagonga kioo.

"Labda ameikimbia mvua," shangazi alinong'ona. "Huenda amekwenda Entebbe. Basi tumebaki peke yetu."

Lanyero alijua kwamba hawako peke yao. Akisema, hatapandishwa ndege tena. Asiposema... Mbele mvua ilikuwa kama pazia la kijivu. Shangazi alianza kuiinamisha ndege ili aingie kwenye mstari wa kutua.

"Shangazi! Nimegusa! Nimegeuza namba!"

Shangazi hakufoka. Aliunyoosha mkono, akairudisha namba mahali pake. Papo hapo sauti ya Wanjala ikapasuka masikioni mwao:

"...niko mstari wa mwisho, natua! Alal, nijibu, uko wapi?"

"Niko kushoto kwako! Napanda, nageuka kulia!"

Ndege ililala ubavu. Ndege nyeupe ikachomoza kwenye mvua, ikapita chini yao karibu sana, taa zake zikimetameta, ikapotea upande wa kiwanja.

Baadaye Wanjala alitangaza kwamba ametua na kuondoka kwenye barabara ya ndege, njia iko wazi. Shangazi akazunguka upya, akitaja kila alipofika, kisha akatua.

Wanjala aliwakimbilia, shati limelowa chapachapa. "Dada, nimekuita mpaka koo limekauka! Redio yako imekufa?"

Kabla shangazi hajajibu, Lanyero alishuka. "Si redio, Kapteni. Ni mimi. Niligusa kitufe, halafu nikanyamaza."

"Kwa nini ulinyamaza?"

"Niliogopa kugombezwa. Kisha nikaogopa zaidi kufa."

Wanjala alipumua kwa nguvu, akajifuta uso.

"Mimi pia nimekosa," shangazi alisema. "Nilipaswa kuzitazama namba tena. Niliuamini ukimya." Kisha akamgeukia Lanyero. "Mwanangu, kugusa kulikuwa kosa. Kunyamaza ndiko kungetuua. Hapa hakuna anayetulinda ila ukweli wa kila mmoja wetu. Ukikosea, sema mapema, wakati nafasi ya kugeuka bado ipo. Leo ulichelewa, lakini ulisema, ndiyo maana tumesimama hapa."

"Nitaruka tena, Shangazi?"

"Si muhula huu. Na baba yako utamweleza wewe mwenyewe."

Walipofika Mbuya, Sajini Obwona alikuwa uani akipiga buti zake rangi. Lanyero hakungoja kuulizwa habari za safari. Alikwenda moja kwa moja mbele yake, akasimama.

"Baba," alisema, "leo nimefanya kosa kubwa."